Mama Aliyezikwa kwa Fomu

Tulipoachana Ijumaa iliyopita, Bwana Verhagen alikuwa ameshika mkono wa marehemu na anautikisa kwa adabu zote za Kiholanzi.

Marehemu alikuwa mzima kama wewe unayesoma. Alikuwa na kitambaa kichwani, mkoba begani, na kiganja kigumu cha mtu aliyepalilia miwa Muhoroni miaka ishirini. Alikuwa ameingia ofisi za Ziwa Data hapa mjini Kisumu, ghorofa ya pili, saa nne asubuhi, akajitambulisha kuwa yeye ni Beldina, mama yake Walter Ouma.

Na ndani ya faili lililokuwa kwapani mwa Bwana Verhagen, mama yake Walter Ouma alifariki tarehe kumi na mbili Machi mwaka huu wa 1999. Mwanawe alipewa likizo ya siku tatu kumlilia. Fomu ilitiwa sahihi na kiongozi wa timu, N. Wakhisi.

N. Wakhisi, yaani Nasambu, alikuwa amesimama kando ya printa akiomba sakafu ipasuke. Haikupasuka.

"Mama wa Walter?" Bwana Verhagen akauliza polepole, kwa Kiswahili chake kidogo. "Aliyemzaa?"

"Kwani alizaliwa na nani mwingine?" akajibu Mama Beldina. "Na wewe ndio ule bosi mzungu? Walter anasema unapenda kuandika sana."

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki jana lilimfikia limefungiwa omena, wale dagaa wa ziwani, nitasema kwa ufupi. Huko Rotterdam kuna kampuni ya pensheni ambayo programu zake za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Wakubwa wakashtuka kwamba mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zitasoma sifuri sifuri na kudhani wazee wote wa Uholanzi hawajazaliwa bado. Wakatafuta watu wa kuzirekebisha kwa bei ya chini. Kazi ikaja Kisumu, kwa mafundi kumi na mmoja wa Ziwa Data. Pamoja na kazi akaja Bwana Verhagen, na pamoja na Bwana Verhagen zikaja fomu.

Kulikuwa na fomu ya kuingia, fomu ya kutoka, na fomu ya kuomba fomu. Tena kulikuwa na programu ya likizo iliyotungwa Rotterdam, yenye visanduku vya kubonyeza. Ukifiwa na baba, kisanduku kimoja. Mama, kimoja. Nyanya, viwili. Basi.

Mkataba nao ulisema wazi: ikionekana rekodi moja ya uongo, kazi inakatwa siku hiyo hiyo. Watu kumi na mmoja wangerudi makwao, na Nasambu, aliyewafundisha mmoja mmoja, ndiye aliyekuwa ametia sahihi. Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhi kazi, na fungu la mwisho la programu lilikuwa kichwani mwa Walter peke yake. Walter mwenyewe hakuwako. Alikuwa amekwenda kumzika nyanya.

Nyanya wa nne.

Mlango ukafunguka, akaingia Dishon Ogola, mwenye Ziwa Data, suti ya kijivu na kicheko mkononi. Huyu Ogola, kwa miezi tisa, hakuna aliyemsikia akimwambia mzungu "hapana." Umeme umekwenda siku tatu? Hakuna shida. Kazi ya miezi sita ifanywe kwa mitatu? Hakuna shida kabisa. Akishasema hivyo anakwenda kumuuliza Nasambu itafanyikaje.

Akamwona Mama Beldina. Akaona faili. Mjanja ni mjanja, akaelewa yote kabla hajafunga mlango.

"Bwana Verhagen!" akasema. "Huyu si mama. Huyu ni shangazi. Sisi huku shangazi pia tunamwita mama. Hakuna shida."

"Shangazi?" Mama Beldina akaweka mkoba chini. "Wewe Dishon, mimi nakujua tangu uko na makamasi, leo unaniita shangazi mbele ya mgeni? Huyo Walter nimembeba miezi tisa, na akakuja na miguu mbele!"

Bwana Verhagen akafungua kalamu na kuandika: miguu mbele.

Ogola akabaki anacheka peke yake.

Hapo Nasambu akaona hakuna njia ya kukimbilia. Akamvuta Bwana Verhagen kando, akasema kwa Kiingereza ili mama asisikie. "Ni mimi niliyeandika. Mama yake hakufa. Aliyekufa Machi ni nyanya yake."

"Nyanya wake wa kwanza alikufa Desemba," akasema Bwana Verhagen bila kutazama faili. "Wa pili, Februari."

"Huyu alikuwa wa tatu. Mashine ilimkataa. Walter alikuja kwenye meza yangu analia kama mtoto, akaniambia huyo ndiye aliyemlea wakati mama yake yuko Muhoroni kwenye miwa, na alikuwa akimwita mama. Nikabonyeza kisanduku cha mama. Niliona ni vibaya mtu akose kumzika aliyemlea."

"Mtu ana nyanya wawili," akasema Bwana Verhagen, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu. "Huyu ana wanne. Na mama aliyekufa anapanda ngazi na kuja kunisalimu. Bibi Wakhisi, mimi nafikiri hakuna mtu yeyote aliyekufa. Nafikiri Walter yuko ufukweni Dunga anakula samaki."

Damu ilimpanda Nasambu mpaka masikioni. Miezi tisa! Miezi tisa mtu anakaa nao, anakunywa chai yao, na bado anaamini wanazika watu hewa.

"Saa kumi na moja jioni natuma faksi Rotterdam," akasema Bwana Verhagen. "Samahani. Ni kanuni."

Mama Beldina hakuwa akifuata Kiingereza cha pembeni. Alikuwa na haraka zake. "Lornah," akamwita msichana wa mapokezi, "zile karatasi za mazishi ziko wapi? Walter alisema zimepigwa hapa. Na mimi nimeacha maiti nyumbani, nimekuja tu kuchukua hizo na sukari."

Lornah akamtazama Nasambu. Nasambu akafumba macho. Lornah akafungua droo na kutoa karatasi mia tatu, nyeupe, nzito, za Kiholanzi, zilizochapwa kwa printa ya Kiholanzi saa za kazi za Kiholanzi.

Bwana Verhagen akachukua moja. Juu ilikuwa na picha ya bikizee. Akamwomba Nasambu amtafsirie mstari wa kwanza.

"Marehemu Mama Milka," akasoma Nasambu, na sauti yake ikaanza kupata nguvu, "alikuwa mke wa tano wa marehemu Mzee Ouma wa Seme."

"Wa tano?"

"Kati ya sita," akasema Mama Beldina. "Mzee alijaribu."

Nasambu alihisi moyo wake umefunguliwa dirisha. Nyanya sita kwa babu mmoja! Sasa ataelewa, jamani, hata mzungu ataelewa sita!

Bwana Verhagen akaigeuza ile karatasi, akaipima kwa kidole gumba. "Hii imechapwa na printa yangu," akasema. "Kwa printa hii hata mimi naweza kuchapa kwamba ni mke wa saba."

Dirisha likafungwa.

Nasambu alipotafsiri hayo, Mama Beldina alimtazama yule mgeni kutoka viatu mpaka nywele. "Ati haamini? Si gari liko chini? Aje aone. Tunazika saa nane, na mimi nimechelewa, watasema mke wa mtoto alikwenda mjini kutembea."

"Nzuri sana," akasema Bwana Verhagen. "Twende tukague."

Msomaji wangu, wengi wamewahi kwenda mazishini kulia, kula, au kuonekana. Kwenda kukagua, huyo alikuwa wa kwanza.

Wakaingia kwenye Peugeot ya Ogola. Ogola kwenye usukani, Bwana Verhagen kando yake na faili, Nasambu nyuma na Mama Beldina, kilo kumi za sukari na karatasi mia tatu mapajani. Wakapita Mamboleo, ambako Ogola alikuwa na njia yake ya mkato, kisha wakaishika barabara ya Seme.

"Kwa nini huyo mzungu aliniuliza kama ni mimi nimezaa Walter?" Mama Beldina akanong'ona.

"Anapenda kujua familia za watu, mama."

"Ni mtu mzuri."

Nasambu akageuza uso dirishani. Aliona aibu. Miaka minane amekaa Kisumu, yeye mtu wa Bungoma, na kina mama kama huyu ndio waliomfundisha Kijaluo cha sokoni na jinsi ya kuchagua samaki kwa kumtazama jicho. Leo amekaa bega kwa bega na mmoja ambaye yeye mwenyewe alimuua kwa kubonyeza kisanduku, na mama huyo anamsifu mwenye faili la kifo chake.

Bwana Verhagen akageuka. Akatoa kwenye faili fomu ya rangi ya samawati na kumweleza Nasambu kwa Kiingereza. Kosa likirekebishwa kabla ya faksi, si uongo tena, ni kosa tu, na makosa kampuni inasamehe. Lakini rekodi ya kifo inafutwa kwa njia moja. Marehemu mwenyewe atie sahihi fomu ya kuthibitisha uhai.

"Wazee wetu wote wa pensheni wanajaza kila mwaka," akasema. "Wanathibitisha kwamba wako hai."

"Na asiyejaza?"

"Anakufa," akasema Bwana Verhagen. "Kwenye kompyuta."

"Hakuna shida!" akasema Ogola, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Kwanza nyanya," akasema Bwana Verhagen. "Halafu mama."

Walipofika Seme, boma lilikuwa limejaa. Ziwa lilionekana kule chini, na turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba sita zilizojipanga kila moja na mlango wake. Mtu wa kipaza sauti alipoona mzungu anashuka kwenye Peugeot akasahau mhubiri aliyekuwa katikati ya sala. "Tumepata mgeni kutoka ng'ambo! Mwajiri wa kijana wetu! Amekuja kulia na sisi! Mpeni kiti, mpeni soda!"

Walter alikuwa amebeba benchi. Akamwona bosi, akaliona faili, akamwona mama yake anashuka kwenye gari lile lile. Benchi likamwangukia mguuni, na hakupiga hata kelele.

"Nasambu," akanong'ona alipofika karibu akichechemea, "amejua?"

"Anajua mama yuko hai. Mama ndiye hajui alikufa."

"Yawa!" akasema Walter, na akashika kichwa.

Bwana Verhagen hakukaa. Aliomba aonyeshwe nyanya. Wakampeleka kwa Dani Dorca, dani kwa Kijaluo ni nyanya, mke wa tatu wa Mzee Ouma, bikizee wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jeneza. Nasambu akapiga goti, akasalimu, akaeleza kwa heshima kwamba mgeni angependa kujua Walter ana nyanya wangapi.

"Anahesabu watu?" Dani Dorca akashangaa. "Mwambie watu hawahesabiwi. Ahesabu ng'ombe."

Nasambu akatafsiri. Bwana Verhagen akasema anaomba radhi, lakini kisanduku kinataka nambari.

"Haya. Tulikuwa sita. Wanne wamelala, mimi niko, na yule pale anayelalia mkono yuko. Na hapo hatujafika kwa upande wa kina mama yake Beldina." Akamkazia macho mgeni. "Kwani yeye alikuwa na dani wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu!" Dani Dorca akapiga makofi ya huruma. "Pole sana. Babu yake alikuwa maskini?"

Nasambu alitafsiri hilo neno kwa neno. Alikuwa ameanza kujisikia vizuri.

Bwana Verhagen akaomba kuona makaburi. Yalikuwa matatu ya saruji, yenye majina na tarehe, na la nne lilikuwa shimo. Akafungua faili na kusimama mbele ya la kwanza. Desemba. Akatia tiki. La pili. Februari. Tiki. La tatu. Akainama, akapangusa vumbi kwa leso yake, akasoma: tarehe kumi na mbili Machi. Akakaa hapo muda mrefu, kichwa chini, kalamu mkononi.

Wale wamama walipomwona mzungu ameinama kwenye kaburi wakaanza kulia upya kumsaidia. Wazee wakaambiana kwamba huyu ana adabu kuliko hata wakwe wengine, anaandika majina ya wafu wetu kitabuni. Ogola akalia pia, kwa sauti, huku akichungulia faili.

Mama Milka akazikwa saa nane na nusu. Bwana Verhagen alitupa udongo kama watu wengine, kisha akatia tiki ya nne.

"Nyanya wanne," akamwambia Nasambu. "Sahihi kabisa. Nilikosea."

Nilikosea! Nasambu angemkumbatia kama si mbele za watu. Akacheka kwa raha.

"Sasa," akasema Bwana Verhagen, akitoa ile fomu ya samawati, "mama."

Raha ikaisha hapo hapo.

Mama Beldina alikuwa amekaa chini ya turubai anagawa chai. Nasambu akachuchumaa mbele yake. Walter akasimama nyuma, na Ogola nyuma ya Walter. Nasambu alieleza yote bila kujipunguzia. Mashine, kisanduku, nyanya wa tatu, machozi ya Walter. Akasema amekosea, na anaomba msamaha kama mtoto kwa mzazi.

Mama Beldina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono. "Leta hiyo karatasi nilikufa nayo."

Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza cha fomu hakikumshinda. Alisoma kwa kidole, kwa sauti, na wamama waliokuwa karibu wakasogea mmoja mmoja.

"Jina, Walter Ouma. Aliyefariki, mama. Siku..." Kidole kikasimama. "Siku tatu?"

Akamgeukia mwanawe.

"Walter. Ulinililia siku tatu?"

"Mama, ni mashine ilisema tatu."

"Mashine ndio ilikuzaa?" Sauti yake ilipanda. "Mimi nimekaa Muhoroni miaka ishirini, mgongo umekunjika kwa miwa ya watu, ndio wewe ukae hapa na dani yako usome. Nikirudi Krismasi unajificha nyuma ya nguo yake. Nilinyamaza. Nikasema atakua, atajua mama ni nani. Sasa umekua. Umejua. Umeniandika nimekufa, na hata kulia umelia haraka haraka, siku tatu! Siku tatu si ni za kupikia wageni chai peke yake?"

Walter akaanza kulia. Hiyo haikusaidia kitu.

"Mama," Nasambu akasema taratibu, "kuna karatasi hii. Ukitia sahihi, inasema uko hai. Yote yanafutika."

"Maiti haitii sahihi."

"Tafadhali, mama. Watu kumi na mmoja watakosa kazi."

"Maiti haitii sahihi!" Akairudisha fomu. "Mwambie bosi wako kama nimekufa, nililiwe vizuri kwanza. Walter hatoki hapa. Anyoe kichwa, akae chini, alie wiki mbili mchana na jioni mpaka mimi nitosheke. Nikitosheka, nitafufuka."

"Wiki mbili ni kidogo," akasema Dani Dorca kutoka kwenye kigoda chake.

Bwana Verhagen akauliza mama amesema nini. Ogola akamrukia Nasambu sikioni. "Sema amekubali! Fomu tutatia sahihi sisi wenyewe njiani, hakuna shida!"

Nasambu akamsukuma kwa kiwiko. "Amesema hapana," akamwambia Bwana Verhagen. "Atatia baada ya wiki mbili, na Walter atakaa naye hizo wiki mbili. Jumatatu hatakuwako. Kazi haitakuwa tayari."

Alingoja mzungu apasuke kwa hasira. Badala yake uso wa Bwana Verhagen uling'aa.

"Asante!" akasema. "Miezi tisa niko Kisumu, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia hapana. Sasa naweza kufikiri."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole na kupekua. Kwa dakika kumi alisoma huku akinywa soda. Kisha akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii, alikuwa anacheka.

"Kanuni ya tisa," akasema. "Kifo cha mama, siku tatu. Meneja akiridhika kwamba mila inahitaji zaidi, siku kumi na nne, na siku ya kukabidhi kazi inasogezwa mbele kumi na nne vilevile. Mimi nimeridhika. Nimeona mila kwa macho yangu."

"Lakini mama yuko hai," akasema Nasambu.

"Ndiyo, na hilo ndilo tatizo. Akiwa hai, rekodi ni ya uongo, na hataki kuirekebisha, na mkataba umekwisha. Akiwa amekufa, kila kitu ni sawa. Yeye mwenyewe amesema ni maiti. Kwa kanuni, ni heri aendelee kuwa marehemu." Alikuwa tayari amejaza fomu nyingine, kwa mwandiko ulionyooka. Akamnyooshea kalamu. "Sahihi ya kiongozi wa timu, hapo chini."

Ogola nusura aruke juu ya turubai. "Tia, Nasambu! Tia upesi! Mzungu amekuwa mtu wetu!"

Macho ya Walter yalimsihi.

Nasambu akaitazama ile fomu. Aliwafikiria wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, na kodi zao na wadogo zao shuleni. Mkono ulikwenda mpaka kwenye kalamu. Hatua tatu kutoka hapo, Mama Beldina alikuwa anapuliza chai yake, macho mekundu, hamtazami mtu.

Hapo hasira zikamjaa. Nyanya wanne wa kweli waliitwa uongo mpaka wakapimwa kaburi kwa kaburi. Kifo kimoja cha uongo kinaitwa sawa kwa sababu imepatikana kanuni! Mara ya kwanza Nasambu alimwandika marehemu bila kumjua, kwa huruma ya kijana aliyekuwa analia. Leo amwandike tena, naye anamwona?

Akachukua kalamu. Akapiga mstari juu ya mwandiko wote ulionyooka wa Bwana Verhagen, na chini yake akaandika, huku akisoma kwa Kiswahili na kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mama Beldina hajafa. Yuko hai. Uongo niliuandika mimi, na sitauandika mara ya pili. Nasambu Wakhisi." Akamrudishia.

Kikombe cha Mama Beldina kikasimama hewani.

Bwana Verhagen akaitazama ile fomu iliyoharibiwa. Akakunja midomo. Akatazama saa, ilikuwa inakaribia saa kumi, akaondoka pale bila kuaga mtu.

"Umetumaliza," akasema Ogola. Akakaa kwenye udongo mbichi wa kaburi na suti yake ya kijivu. "Miaka minane nimekulisha, Nasambu, na umetumaliza kwa mistari mitatu."

"Ulitumaliza wewe na hizo 'hakuna shida' zako," akajibu Nasambu, na sasa alikuwa analia waziwazi. Alijua amesema kweli na alijua kweli hiyo imekula kazi za watu. Walter alikuja kumshika bega, naye akamwambia amwache, aende akapige magoti kwa mama yake.

Walter akageuka. Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa chini.

Wakati huo huo injini ya Peugeot ikawaka.

Ogola akapapasa mfuko wa suti. Ufunguo alikuwa ameuacha garini. "Nani anaendesha gari langu?" akapiga kelele. Wakakimbia wote mpaka langoni, Nasambu mbele, viatu mkononi.

Gari lilikuwa limeshafika barabarani. Kwenye usukani alikuwa Bwana Verhagen, ambaye kwa miezi tisa hakuwahi kuendesha hata baiskeli katika nchi hii. Kando yake, mkoba mapajani, ameishikilia fomu ya samawati dirishani, alikuwa Mama Beldina.

"Mama!" Walter akaita. "Mama, unakwenda wapi?"

Mama Beldina akatoa kichwa nje. "Nakwenda kuwaambia hao watu wa Rotterdam mimi mwenyewe kwamba niko hai!"

Na Bwana Verhagen, mtu wa kanuni, akakanyaga mafuta na kushika upande wa kulia wa barabara, kama wanavyoendesha kwao. Kutoka kilimani lori la mchanga lilikuwa linateremka upande huo huo, na dereva wake alikuwa anapiga honi.